Mtungi wa Mlangoni

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu kutoka Garissa, kwenye jua letu lile lile. Babu yako hajambo, na mbuzi wa shangazi yako amezaa mapacha.

Umeniuliza utamfundishaje mwanao imani, maana ukifungua Biblia tu anakimbia. Mwache akimbie, mama.

Mimi nilikulia kijiji cha Griftu, baba akiwa mwalimu huko. Wakristo tulikuwa sisi peke yetu, na kanisa halikuwepo. Lori la maji likija, mama alijaza mtungi mmoja kwanza, akauweka mlangoni na kutuambia, "Huu ni wa Yesu. Yeyote atakayepita na kiu, ndiye." Wafugaji wote waliujua mlango wetu.

Ukaja ukame, lori likakosekana. Ulipobaki mtungi huo tu, mama aliuingiza ndani. Dadangu mdogo, ambaye hata sala ya Baba Yetu ilikuwa ikimshinda, aliushika akaanza kuuburuta kurudi mlangoni.

"Na Yesu akipita, mama?"

Mama alimtazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wakausukuma nje pamoja. Jioni akapita mwanamke mmoja na mtoto na ngamia wake. Alikunywa, akamnywesha mtoto wake, akasema, "Alhamdulillah," akatubakizia nusu. Basi mama aliimba wimbo wa kanisa, Griftu nzima ikamsikia!

Dadangu Baba Yetu alikuja kuijua baadaye, taratibu. Na mtungi, Neema, uko mlangoni kwangu sasa hivi ninapokuandikia, umejaa.

Nyanya yako akupendaye,
Rahabu