Boliti Iliyopakwa Rangi

Kwa mdogo wangu, fundi wa kwenye simu,

Huku paa limezibwa, na paka wa jirani amezaa tena juu ya kochi lako.

Vani ya marehemu Baba ilizimika tukimpeleka Mama kupasuliwa jicho. Nilipokupigia ulicheka: "Betri hiyo, dada! Badilisha, niamini mimi." Nikabadilisha, haikuwaka. Ukasema ni stata. Anayebahatisha akiwa mbali hachoki, kwa kuwa jasho si lake.

Nikakata simu, nikaufuata waya wa betri kwa kidole hadi unapofungwa kwenye bodi. Hapo nikaikuta ile rangi ya buluu uliyoipaka kabla ya kusafiri, ukapigiwa vigelegele na ukoo mzima. Ulipaka hadi chini ya boliti, ilhali umeme haupiti kwenye rangi. Uzi wa boliti, ile mikato inayoizunguka, peke yake ndio uliokuwa ukipitisha umeme na kukusitiri, nao umeota kutu. Nilikwangua kwa kisu, nikakaza, vani ikawaka papo hapo.

Tulifika daktari ameshaondoka. Alikuwa ameonya kwamba jicho lile halitangoja, na kweli halikungoja. Lile jingine, unakumbuka, lilikwisha zamani.

Mama amenikataza kukueleza. "Mwache, asije akajilaumu bure." Jana aliomba nimshike mkono hadi uani. Akaipapasa vani ubavuni, polepole, akatabasamu: "Mwanangu anajua kupaka rangi, jamani. Bado inang'aa?"

Swali hilo ni lako, mpigie.

Dada yako