Bifungo ya Shati ya Ngoie

Mama Ngoie,

Naandika na mukono wangu mwenyewe. Muchungaji alitaka kunisaidia, nikamukatalia. Mutu mwenye aliongoza mashini ya kuchimba kule mugodi ya Mashamba miaka makumi mbili na nane hawezi kushindwa na kalamu ya biki. Herufi ikipinda, soma tu paka hivyo.

Ulienda Kasaji ku kilio ya dada yako. Ulisema juma mbili. Mwezi imekwisha, ingine imeanza, na kila mutu anatoka kule ananiletea salamu: "Mama anasema iko muzuri." Mi sikuuliza kama iko muzuri. Niliuliza anarudi siku gani.

Siku ya tatu ya safari yako, mama moja wa santre ya parokia alikuja hapa kwetu Dilala. Ni kule batu bakubwa kama Ngoie wetu, benye akili yao ilibakia ya utoto, banashinda muchana na kufundishwa kazi. Bengine banatembelewa ku nyumba. Alisema nafasi ni kidogo, banachagula. Mi nikasikia neno "kuchagula", nikanyoosha mugongo. Kwetu ku kazi banachagula mwenye anaweza.

"Tata, Ngoie anaoga mwenyewe?"

"Anaoga."

"Na kuvaa?"

"Mwanaume wa miaka makumi tatu na nane, nani atamuvalisha? Anafunga bifungo yote mupaka ku shingo."

"Njia anajua?"

"Kila asubuyi anaenda kununua mukate, anarudi nao. Batoto yako banaweza?"

Akacheka. "Bangu banaukula mu njia, Tata." Akaandika.

Siku ya Mungu balisoma majina kisha misa. Ngoie hakukuwamo. Nilienda kugombana, yule mama akanionyesha karatasi: "Wewe mwenyewe ulisema hana lazima ya musaada. Tunatafuta benye hawawezi." Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimemusifu mutoto mupaka nikamufungia mulango.

Lakini sikudanganya, Mama Ngoie. Hii njo inaniuma. Nilisema bile nilijua.

Ngoie alikuwa ananuka tayari. Nilifikiri ni ukaidi, ameutoa kwangu. Nikamuambia, enda uoge. Alisimama pembeni ya ndoo, sabuni mu mukono, mupaka maji ikapoa. Alikuwa anakungoja wewe. Nikataka kumuvua shati mi mwenyewe. Kifungo ya kwanza ikakataa. Ya pili vilevile. Nikakaribia dirisha niangalie muzuri: ulikuwa umeishona shati mbele yote, imefungwa kama gunia, na bifungo ukabitia juu yake kwa kupamba. Inapita ku kichwa. Nikafungua sanduku yake. Shati yote ni hivyo.

Kesho yake nikamutuma mukate, hakurudi. Nilimukuta amesimama kwenye barabara inagawanyika, taxi-moto zinamupigia honi. Mama muuza mukate akaniangalia na huruma: "Tata, haukujua? Mama alikuwa anamufuata kila asubuyi. Anajificha nyuma ya ukuta mupaka afike, kisha anamufuata tena." Avenue muzima ilijua. Paka mi njo sikujua.

Nilikasirika, na hata leo ningali. Miaka yote hii ulinifanya mujinga mu nyumba yangu. Nilikuwa nakaa na barafiki, nawaambia mutoto wangu amekomaa, hasumbui mutu. Na wewe unapita na masahani, unasikia, haufungue kinywa.

Kisha nikakumbuka masere, yule mutawa mwenye alikuja Ngoie akiwa na miaka kama munane, anataka tuongee namna ya kumusaidia. Nilisimama ku mulango: "Hapa hakuna kilema. Enda fasi ingine." Wewe ulikuwa unamenya muhogo. Haukuinua kichwa. Nafikiri shati ya kwanza uliishona juma ile.

Basi nimerudi ku santre. Benchi ilijaa bazazi. Kalala alikuwako na binti yake, ule Kalala tuliyefanya naye kazi ku mashini. Yule mama akaanza tena na karatasi yake. Anaoga? Hapana. Anavaa? Hapana. Njia anajua? Hapana. Sauti yangu unaijua, si ya kunongoneza. Batu bote balisikia.

"Aa, shefu," Kalala akasema, "leo mashini inarudi nyuma."

Nikamugeuzia mugongo, nikaangalia ile karatasi.

"Na nani alikuwa anamufanyia ile yote?" yule mama akauliza.

Nilitaka kusema: shiye bazazi babili. Ikanishinda.

"Mama yake."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Ako wapi sasa?"

"Alichoka," nikasema.

Akaandika vile. Nafasi ya santre imejaa, tungoje. Lakini kila siku ya pili atatuma mutu hapa nyumbani, amufundishe Ngoie kuoga, na mi anifundishe kumufundisha. Mi, mu uzee huu, nakuwa mwanafunzi.

Sikuambii urudi. Samahani pia haimo mu hii barua, usiitafute. Kuoga tunaoga, shati inapita ku kichwa, mukate tunaenda kununua babili, na mi sijifichi nyuma ya ukuta. Lakini kuko kintu moja. Kucha zake zimekuwa ndefu, anajikwaruza uso. Nikishika wembe, analia na kunificha mukono, na mi naogopa nitamukata nyama. Wewe ulikuwa unafanya namna gani? Unamuimbia? Unangoja alale? Tuma mutu aniambie. Tuma mbio.

Ni mi bwana yako,
Baba Ngoie