Machozi Uliyonikataza, Papa

Papa yangu,

Kesho asubuhi tunavuka mpaka kuingia Gisenyi, twende Kigali, kisha ndege mpaka India. Safari ni ile ile uliyoipanga, na hospitali ni ile uliyoichagua baada ya kuwasumbua madereva wenzako wote, ukiuliza nani ana ndugu aliyetibiwa macho huko. Kilichobadilika ni garde-malade, mtu wa kuniuguza. Kwenye barua ya mwaliko palikuwa na jina lako. Sasa atakayekaa kando ya kitanda changu ni dada yako, Shangazi Mwamini.

Nakuandikia nimefumba jicho la kushoto, maana mwanga unalichoma. Mistari imepinda, usinicheke.

Daktari wa huko alikuambia kwa simu kwamba baada ya upasuaji nisisugue jicho wala nisilie mpaka lipone. Nikasema, Papa, ni baada. Ukanijibu, "Kama baadaye iko mbaya, hata sasa iko mbaya." Toka siku hiyo ukapiga marufuku machozi nyumbani. Hata kitunguu ukaninyang'anya: "Acha, mutoto yangu, mimi nitakata." Dereva mzima wa lori, unatokwa machozi juu ya sufuria ya mboga ya sombe kwa ajili yangu! Nilicheka, lakini neno lako liliniingia.

Ndiyo maana siku walipokuleta kutoka mji wa Kiwanja, moyo wako umesimama mkipakia maharage, sikulia. Wanawake walijaza uwanja kwa kilio, mimi nimekaa mkekani nikiuma pindo la kitenge. Niliogopa kuliharibu jicho ulilolihangaikia, niliogopa kuvunja neno lako nawe umelala pale huwezi kunigombeza. Shangazi akasema mbele ya watu, "Uyu mutoto iko na roho ya jiwe."

Juzi nilimpigia daktari ili wabadilishe jina lako, nikamuuliza kuhusu kulia. Akasema machozi ya kabla ya upasuaji hayadhuru kitu, nilie tu.

Nililia, Papa. Nililia mpaka Shangazi akatoka mbio jikoni, mikono ina unga. Nilipomweleza katazo lako, alikaa chini, akanipakata kichwa, tukalia wote wawili. Mpaka leo ananiomba msamaha, na mimi sina hasira naye. Nakutaka wewe tu. Umeniacha pabaya, Papa.

Jioni tunafanya mazoezi ya dawa ya matone, kama tulivyofanya na wewe, kwa maji safi katika kichupa kitupu. Vidole vyako vinene vya usukani vilikuwa vinakosea, maji yananiteremka shavuni, nawe unayafuta kwa mkono wa shati: "Hii si machozi. Hii haihesabiwe." Shangazi naye anakosea vile vile. Ni damu yenu.

Pumzika, Papa. Mungu akutilie nuru kaburini. Nakuahidi kwamba nikishapasuliwa nitakutii, sitalia mpaka daktari aniruhusu. Lakini siku Shangazi akikosea huko ugenini, akaona shavu langu limelowa, akaniuliza, nitamwambia ni maji tu, hayahesabiwi.

Wewe utajua.

Binti yako,
Zaina