Kiti cha Kaka Bura

Jumatatu, 2 Juni

Nashona sketi za shule tangu asubuhi. Vumbi linaingia hata mlango ukifungwa, mashati meupe nimeyafunika kwa khanga. Sindano imekatika. Nimebadilisha, ikakatika tena.

Mchana nimewapigia simu wanachama kuwakumbusha kikao cha kesho. Ni kazi yangu, mimi ndiye katibu. Umoja wetu ni mdogo: sisi tuliopangisha majengo yetu kwa posta, hapa Babati, Magugu, Dareda, Katesh. Kaka yangu Bura ndiye mwenyekiti tangu tuanze. Kesho tunapatana sisi kwa sisi. Keshokutwa tunakaa na watu wa posta, maana mikataba inakwisha mwaka huu. Hoja ni moja tu. Kitu kikiharibika, nani atengeneze?

Kwangu si hoja ndogo. Masika iliyopita dari ya jengo langu la Magugu ilianguka juu ya kaunta. Bahati ilikuwa Jumapili.

Jioni kaka amenipigia kuuliza kikao kiko wapi. Kiko ukumbi wa parokia, kama siku zote. Akasema, "Haya, Yasinta." Yasinta ni dada yetu, tulishamzika. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 3 Juni

Kikao kizuri. Kifupi. Tumepatana: paa na kuta ni juu yetu, vya ndani ni juu ya mpangaji. Bwana Shauri wa Dareda alibisha kama kawaida yake, alitaka hata paa liwe juu ya posta. Tukamshinda kwa kura, akakubali. Kaka alifunga kwa sala. Sala nzuri. Nilijivunia kuwa mdogo wake.

Jumatano, 4 Juni

Kikao na posta.

Watu wa posta walikuja wawili, wapole. Mama wa makamo aliyeongoza mazungumzo akauliza msimamo wetu ni upi. Kaka akasimama, akanyoosha koti lake, akasema: "Sisi hatuna neno. Matengenezo yote ni juu yetu, nje na ndani. Tumekubali."

Nilidhani anatania. Mama Glory wa Katesh, mjane, jengo lake ndilo bovu kuliko yote, alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Shauri akaruka: "Mwenyekiti, jana hatukusema hivyo!" Kaka akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Kaa chini, kijana," akamwambia.

Shauri ana wajukuu.

Nilisimama bila kuitwa. Nikaomba watupe muda, tutaleta jibu letu kwa maandishi. Yule mama alinitazama kidogo, akasema sawa, maandishi ndiyo watakayoyafuata. Nilitaka kumkumbatia.

Nje kaka ameniuliza, "Nimeongea vizuri, siyo?" Uso wake ulikuwa na furaha kabisa.

Alhamisi, 5 Juni

Grupu letu la simu linawaka moto. Shauri ametuma sauti ndefu. Hakutaja jina, lakini hata mtoto angeelewa. Mtu analala na neno moja, anaamka na jingine, nani kamlainisha usiku? Wengine wameunga mkono. Mmoja ameandika wazi: kanunuliwa.

Nimezima simu. Nimeiwasha. Nimeizima.

Namchukia Shauri. Kaka namkasirikia zaidi, maana na mimi nimejiuliza. Nilipokuwa napiga pasi wazo hilo lilikuja: je, kama ni kweli? Ndugu wa damu. Nimejionea aibu.

Jumapili, 8 Juni

Kaka na mkewe hawakuja misani. Watu wakaniuliza mimi. Nikasema mafua. Nilisema uongo ndani ya ua wa kanisa, haraka, bila kufikiri.

Jumatatu, 9 Juni

Mama mmoja muuza parachichi pale karibu na stendi amenipigia. Ni mteja wangu. "Mama Tumaini, njoo umchukue kaka yako. Anauliza watu njia ya Sigino."

Nimeacha cherehani na nguo juu yake. Nimemkuta amekaa kwenye kreti, kofia magotini, amelowa jasho. Sigino ndiko tulikozaliwa. Ndiko anakolala kila siku. Nikasema, "Shikamoo kaka, twende nyumbani." Akaitikia marahaba, akaingia kwenye bajaji. Njia nzima alikuwa ameshika bomba la mbele kwa mikono yote miwili.

Wifi yangu, Mama Safari, alikuwa getini. Hakuuliza tumetoka wapi wala kumetokea nini. Hapo nikajua kwamba anajua.

Amenieleza jikoni, mlango umerudishiwa. Daktari alishawaambia tangu mwaka jana. Ni ugonjwa wa kusahau. Utaendelea. Dawa ya kuuondoa hakuna. Kuna siku ni mzima kama mimi, kuna siku hajui kuvaa viatu. Amekuwa akimfungia mlango, akimwandalia nguo, akimwongoza maneno ya kusema kwenye simu. Peke yake. Amekonda, na mimi nilidhani ni kazi za shamba.

"Usimwambie mtu," akasema. "Watasema karogwa. Watasema mimi ndiye niliyemlisha kitu. Niapie, wifi."

Nimeapa.

Jumatano, 11 Juni

Shauri anataka mkutano wa kumwondoa mwenyekiti. Wengi wamemuunga mkono. Kwa katiba yetu ni lazima katibu auitishe. Nimeuitisha. Jumamosi ya wiki ijayo. Nimemwita kaka yangu kwenye hukumu kwa mkono wangu.

Shauri alinipigia baadaye. Hakupaza sauti. "Mama Tumaini, wewe nakuheshimu. Lakini kaka yako ametuuza." Nikakumbuka kiapo. Nikamwambia tutaonana kikaoni.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda Sigino. Nilimkuta kaka uani anapukuchua mahindi, macho yake ni yale ninayoyajua. Siku njema. Nikaona nitumie nafasi hiyo. Nikamwambia ajiuzulu mwenyewe, aseme amezeeka, yaishe kwa heshima.

"Nijiuzulu kwa kosa gani?"

Nikamwambia alichosema mbele ya watu wa posta.

"Mimi? Sijasema hivyo."

"Umesema, kaka. Nilikuwepo."

Akasimama. Gunzi lilikuwa mkononi, nilidhani atanirushia. "Ni wewe unayekitaka kiti changu. Wewe na huyo wa Dareda. Mmepanga." Hajawahi kuongea nami hivyo, hata tulipokuwa watoto. Wifi alikuwa nyuma ya dirisha, anatikisa kichwa: nyamaza, nyamaza.

Nimetembea mguu mpaka barabarani. Sikutaka mwenye bajaji anione nalia.

Jumanne, 17 Juni

Mama Glory amekuja toka Katesh. Alisema anafuata kitambaa. Hakufuata kitambaa. Ameketi kwenye benchi la wateja, akaniuliza moja kwa moja: "Kaka yako ni mwizi?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Nimeokota mkasi, nikauweka tena. Akangoja. Kisha akainuka, akajifunga mtandio. "Mimi nilikuwa nikimtetea. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyenisindikiza kila ofisi. Lakini nitamtetea kwa maneno gani, kama hata wewe huna?"

Alipoondoka nikampigia wifi. Nikambembeleza. Nikamwambia wanamwita mwizi, jina lake linaoza na yeye mwenyewe hajui. Akajibu polepole, kama mtu aliyekwisha kupima: "Afadhali mwizi. Mwizi husamehewa. Chizi huchekwa mpaka kaburini."

Akakata simu.

Nimerudi kwenye cherehani.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho. Sijui nitasema nini. Nimeomba rozari, nikakosea matendo, nikaanza upya. Kiapo ni kiapo. Na kaka ni kaka.

Jumamosi, 21 Juni

Nimevunja kiapo.

Niandike ilivyokuwa. Ukumbi ulijaa. Hata wanachama ambao huwa hawaji walikuja, watu hupenda kuona mtu akianguka. Kaka hakuwepo, wifi alimzuia. Nafuu. Nilifungua kikao, nikasoma ajenda. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Shauri akasimama. Alianza vizuri, kwa adabu. Kisha akapandwa na maneno yake mwenyewe. Akataka kaka afukuzwe uanachama kabisa, sio kiti tu, na jina lake lipelekwe kwa viongozi wa mtaa na parokiani, ili watu wajue wanaishi na mtu wa namna gani. Wakapiga meza. Nikamtafuta Mama Glory kwa macho. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikasema, "Anaumwa."

Hawakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu, nikawa kama napiga kelele. "Kaka yangu anaumwa! Hakununuliwa na mtu. Anasahau. Juzijuzi alipotea stendi, hakujua njia ya kwao. Siku ile hakukumbuka tulichopatana, na mpaka leo hakumbuki alichosema. Daktari amethibitisha. Sasa mfukuzeni."

Nje wanakwaya walikuwa wakifanya mazoezi, wanarudia mstari uleule.

Shauri alikuwa bado amesimama. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu mwaka jana. Akakaa. Akajifunika uso. Mzee mmoja wa Magugu akasema baba yake alikufa na ugonjwa huo huo, nao walikuwa wakimfungia ndani kwa aibu. Alisema hivyo mbele ya watu wote, kisha akapenga kamasi ili kuficha machozi. Hakuna aliyecheka. Hata mmoja.

Kura ilikuwa fupi. Walinitaja mimi, nikakataa. Siwezi kukaa pale. Wakamchagua Shauri. Alisitasita, akakubali. Hakushangilia.

Nilitoka bila kuaga. Nilijisikia mwepesi na mchafu, kwa wakati mmoja.

Jumapili, 22 Juni

Habari imefika Sigino kabla yangu. Wifi alikuwa misani. Niliposogea kukaa karibu naye akahama benchi. Mbele ya watu. Baadaye ujumbe: "Usikanyage kwangu."

Ni haki yake.

Jumatatu, 23 Juni

Kazi ya mwisho ya katibu kwa mwenyekiti wa zamani: taarifa ya mabadiliko ya uongozi, kwa wanachama na kwa mpangaji. Mistari michache tu. Imenimaliza asubuhi nzima. Mwenyekiti mpya ni Bwana Shauri wa Dareda. Halafu kaka. Ameondolewa? Amejiuzulu? Amestaafu? Nimeandika: "Mzee Bura anapumzika kwa sababu za afya. Umoja huu aliuanzisha yeye."

Nimempelekea Shauri aisome. Akaongeza kwa mkono wake: "na tunamshukuru." Akaomba radhi. Nikamwambia asiniombe mimi.

Ijumaa, 27 Juni

Shauri amekwenda. Yeye na Mama Glory wamekwenda Sigino na sukari na kitenge. Mama Glory kanisimulia. Wifi aliwaacha getini muda, kisha akafungua. Shauri alimwomba radhi kaka. Kaka hakujua ni radhi ya nini, lakini alimpokea, akamshika mkono, wakazungumzia ng'ombe mpaka jua likapoa. Wakati wa kuondoka Mama Glory akamkumbatia wifi. Anasema wifi alikuwa kama mtu aliyebeba gunia, akilishusha bado mgongo umepinda.

Kuhusu mimi wifi hakusema neno.

Alhamisi, 3 Julai

Posta wamejibu barua ya Shauri. Wamekubali: nje kwetu, ndani kwao. Dari ya Magugu itatengenezwa. Nilikuwa nikilingoja jambo hili kwa miezi. Nimelisoma kama habari ya mtu mwingine.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi simu ya wifi. Nilisimama kabla ya kupokea. Hakusalimia. "Nataka kwenda mnadani. Unaweza kukaa naye?" Nikafunga kibanda na wateja wakiwa wananitazama.

Alikuwa amevaa, kapu mkononi. Hakuniita wifi, aliniita Mama Tumaini. Akanionyesha chai iko wapi, uji uko wapi, mlango gani usiachwe wazi. Jirani mmoja na mzee wa Magugu nao hukaa naye siku nyingine, akasema. Akaondoka akitembea haraka, kama msichana.

Kaka alikuwa kwenye kiti cha kamba uani, amesinzia. Nilichambua mbaazi. Upepo ulikuwa umetulia. Kuku walinizunguka, nikawafukuza taratibu nisimwamshe.

Akaamka mwenyewe. Akanitazama, sijui kama alijua mimi ni nani.

"Mama Safari yuko wapi?"

"Amekwenda mnadani."

"Peke yake?"

"Peke yake, kaka."

Akafikiri. "Vizuri," akasema. "Alikuwa amechoka sana."

Nikamletea uji. Alikunywa wote.