Magoti ya Muzee Kisangani

Mama Masika wangu,

Jambo sana. Huku jua iko kali, na pondu, majani ya muhogo, tunakula kila siku. Docta alisema nitembee kila asubuhi, magoti isikauke. Shida ni kwamba Kisangani muzee haachiwi kutembea. Nikitoka tu kwa mutoto wetu, watu wa toleka, wale wanabeba watu kwa baiskeli, wanasimamisha kinga zao: "Papa, panda! Watoto wako wako wapi?" Nikikatala, wananibeba tu. Juzi jirani aliniona natembea, akauliza muke wa mutoto kama wamenichoka. Muke wa mutoto akalia. Donc nikabakia nyumbani, na magoti ikaanza kulia pia.

Leo nikamwambia mutu wa toleka: "Bon, nimekubali, lakini wewe utakaa nyuma." Nikakanyaga pedali mpaka mtaa wa Simi-Simi. Kila mutu alinisalimia mimi na kumutukana yeye. Alifunika uso na kofia njia yote.

Magoti iko muzuri. Kesho nitatafuta mwingine, ule wa leo akiniona anakimbia.

Kula vizuri, lala vizuri. Nikirudi Butembo, utakaa nyuma yangu, na wewe usifunike uso.

Bwana yako, Papa Masika