Kukosa Mara Tatu

Julienne, nimechoka sana. Natoka sasa hivi ku réunion ya équipe yetu ya football ku masomo.

Nilisomea bazazi ba batoto règlement: mwenye anakosa kukuya ku entraînement mara tatu, anatoka mu équipe. Mumba, mutoto wa équipe, alikosa mara tatu. Nikamutosha pale pale, mbele ya mama yake.

Papa akasimama. Papa yetu mwenyewe, mwenye alikuya na miye, na fimbo yake, mbele ya bantu bote.

"Mu 1955, ku masomo ya bapadri hapa, wakati muji ilikuwa ingali Élisabethville, miye pia balinitosha mu équipe. Mama yangu alikuwa mugonjwa, miye njo nilikuwa namupikia. Hakuna mwenye aliniuliza."

Alisema vile, Julienne. Hakuna mwenye aliniuliza. Miaka yote alikuwa anatuambia aliacha football juu goti ilikuwa inamuuma.

Nikamugeukia Mumba: "Juu ya nini haukuwa unakuya?"

Mama yake njo alijibu: "Baba yake iko analala ku lopitalo. Asubui namulinda miye, mangaribi yeye."

Nikarudisha jina lake ku liste ya équipe. Mumba akasema polepole, "Coach, kesho pia sitakuya."

Nikamwambia, "Enda kwa baba yako."

Miaka kumi na tisa niko coach. Leo njo mara ya kwanza niliuliza mutoto.