Kituo cha Ghorofa ya Nne

Ghorofa ya nne,
Mlango wa mwisho kushoto.
Jumapili, tarehe 18 Oktoba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile jino limeshang'olewa, maana siku ile kwenye simu ulikuwa unaongea kama mtu aliyebugia kiazi cha moto. Sisi hapa tu wazima kwa kadiri yetu. Baba anakula vizuri. Mkono wa kulia bado hausikii la mtu, ila wa kushoto umekuwa hodari, unafanya kazi ya miwili. Sasa hivi amelala baada ya chakula cha mchana, ndiyo nikapata nafasi ya kushika kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe huwa na haraka, nami huishia kusema hatujambo na kukata.

Lifti ya jengo letu ilikufa mwezi wa tatu. Kipuri kinasemekana kiko njiani, sijui njia gani hiyo. Tangu siku hiyo Baba hakukanyaga ardhi. Mimi siku za kazi nasimama nyuma ya nondo za dirisha la duka la dawa mpaka saa kumi, kisha narudi mbiombio, kwa sababu jirani yetu fundi cherehani, anayemwangalia Baba mchana, naye ana kwake. Jumamosi na Jumapili sitoki kabisa. Nimevihesabu vigae vya sebuleni, Kaka. Mia mbili na kumi na sita, na viwili vina ufa.

Unaijua klabu yangu ya mbio za ramani, ile uliyokuwa ukiiita chama cha watu wanaopotea kwa hiari. Unapewa ramani na dira, unaingia msituni kutafuta vituo kimoja baada ya kingine, na kila kituo unatoboa kadi yako kuonyesha umefika. Baba alipopata kiharusi niliiacha. Nilidhani nao wameniacha.

Basi mwezi wa sita mwenyekiti wetu, daktari wa meno, akapanda ngazi zote zile akihema kama mvukuto. Yametangazwa mashindano ya kupokezana: watu watatu kwa kila klabu, wa kwanza akimaliza mzunguko wake anamgusa wa pili, wa pili anamgusa wa tatu. Klabu yetu haijawahi kupeleka timu hata siku moja. Alitaka nichangamshe watu, eti kwa kuwa mimi nina mdomo.

"Daktari, mimi hata sokoni siendi," nilimwambia.

"Mdomo hauhitaji kutoka nje," akajibu, kisha akaomba maji.

Nikaanza na simu. Kaka, sijawahi kusikia visingizio vitamu kama vile. Mmoja ana goti, mwingine ana mgeni, wa tatu ana goti la mgeni wake. Watu haohao kila wiki wanakimbia peke yao msituni bila kulalamika. Aliyenipa ukweli ni yule mwalimu wa hisabati tunayemwita Desimali kwa jinsi asivyopenda kukadiria. Alisema, "Nikipotea peke yangu, ni mimi na mbu wangu. Kwenye kupokezana nikipotea, kuna mtu amesimama ananingoja. Siwezi."

Nilikaa siku mbili nikilifikiria neno lake, huku nikimlisha Baba, huku nikifua. Kisha nikachukua daftari nikaanza kuchora jengo letu. Ghorofa zote nne, ngazi ya mbele na ya nyuma, paa lenye matangi, kamba za nguo, mlango wa mlinzi, hata ndoo ya taka ya wale wa ghorofa ya pili ambayo haihami. Nikawaambia wana klabu waje Jumamosi. Kama mimi siwezi kwenda msituni, waje wapotelee kwangu.

Walikuja wanane. Nilikuwa sina vitoboleo vya kutosha, ndipo Baba aliyekuwa kitini akanyoosha mkono wa kushoto kwenye droo yake. Unajua ni nini kilichomo mle. Koleo lake la kutobolea tiketi, lile la miaka thelathini ya ukaguzi kwenye treni. Tukamsogeza mpaka mlangoni, akawa kituo cha mwisho.

Ungemwona! Kila aliyefika alikaguliwa kadi pande zote mbili. Aliyekuja bila kusalimia alirudishwa mpaka kwenye kona ya ukumbi aje upya. Daktari wa meno aliambiwa kadi yake imekunjwa, aende akainyooshe. Desimali alipotea kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, sijui vipi, na mwenzake alimngoja dakika kumi pale juu akipiga makofi. Hakufa mtu. Wiki iliyofuata wakaja kumi na wanne, na majirani wakaanza kutoa viti nje kutazama. Mpaka mwezi wa tisa tulikuwa na timu nne zinazogombana kuhusu nani aanze.

Niseme na upande wa pili, maana wewe ni ndugu yangu. Wakimaliza walikuwa wanashuka. Nilikuwa nasikia viatu na vicheko vyao, ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, kisha lango linabamizwa. Mimi nabaki na vikombe kumi na vinne karoni na Baba anayetaka kugeuzwa. Kuna Jumamosi moja niliufunga mlango nikakaa sakafuni nyuma yake, nikawachukia wote, na Baba nikamchukia. Aliniita mara tatu ndipo nikainuka.

Siku ya mashindano, Jumapili iliyopita, mkimbiaji wetu wa tatu, muuguzi, aliamka na kifundo cha mguu kimevimba. Wakanijia alfajiri. Fundi cherehani akasema atakaa na Baba mpaka saa kumi jioni, si zaidi, ana safari. Nikavaa viatu ambavyo vilikuwa vimeshika vumbi chini ya kitanda.

Msitu wenyewe ni wa misonobari, saa moja na nusu kwa basi. Sitaki kukudanganya, nilipoisikia ile harufu nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Fundi wa lifti, ndiye huyohuyo anayesubiri kipuri chetu, siku hizi mwanachama, alikimbia wa kwanza akarudi wa nne kati ya klabu kumi na moja. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Akamgusa Desimali, Desimali akaingia mitini, nami nikaingia sehemu iliyozungushiwa utepe ambako wa mwisho husubiri. Wenyewe wanapaita zizini. Simu unaiacha nje, na hutoki mpaka uguswe.

Nikasubiri. Mmoja mmoja waliguswa wakaondoka. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Nikabaki mimi na msichana wa klabu nyingine. Ofisa akaja akasema sheria inaturuhusu tuanze sasa bila kuguswa, maana muda unakwisha. Msichana akaondoka. Mimi nilipiga hesabu: nikianza sasa, nitawahi saa kumi. Nikingoja, sitawahi. Nilisimama pale na utepe tumboni, nikimwona Baba, nikimwona na yule mwanamume mzima mahali fulani mitini anayejua kwamba ninamngoja. Nilikuwa nimemwahidi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, kwamba atangojwa.

Nilibaki. Alitoka saa nane kasoro, suruali imechanika, kadi ameishika kwa mikono miwili.

"Bado upo?" akauliza.

"Ningekwenda wapi?"

Akanigusa bega, nikakimbia. Nilipata vituo vyote. Nilipomaliza walikuwa wanakunja utepe, na klabu nzima imepanga mstari kana kwamba nimeshinda. Tulikuwa wa mwisho, Kaka. Wa mwisho kabisa.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja na nusu, daktari na fundi wa lifti na Desimali wamenisindikiza. Mlango wa ghorofa ya nne ulikuwa wazi. Kiti kitupu. Hayo niliyaona baadaye, maana Baba mwenyewe tulimkuta njiani: ameketi kwenye ngazi, pale zinapokata kona kuelekea ya tatu. Alikuwa ameshuka vidato tisa kwa makalio, kisha akakwama, hawezi kupanda wala kushuka. Saa nzima. Hakumwita mtu. Hakuumia, usishtuke, ila kiganja cha kushoto kilikuwa cheusi kwa vumbi na shati limelowa jasho.

Nilianza kumgombeza. Akasema, "Nilitaka nijue kama bado naweza."

Fundi wa lifti akachuchumaa mbele yake. "Mzee, tukupeleke juu au chini?"

Baba alinitazama mimi, si yeye. "Chini," alisema.

Nikaleta kile kiti. Wakambeba wanaume watatu, wakipumzika kila kona, mpaka nje ya lango. Akavua kandambili akaweka nyayo kwenye udongo. Akamwomba Desimali amsogeze kidogo, kuna jiwe. Tulikaa hapo mpaka jua likaanza kuinama, wakampandisha. Mimi sikupanda nao. Nilibaki chini kwenye ukingo wa saruji, mtu mzima nimekumbatia magoti, na hakuna aliyenihitaji kwa robo saa nzima.

Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia. Miaka miwili sijakuomba kitu kwa sababu nilitaka wewe mwenyewe uone. Huoni, Kaka, uko mbali, na mimi nakuficha. Basi nasema: nimechoka. Sisemi Baba ni mzigo. Nasema niko peke yangu. Njoo mwezi mmoja, mwezi wa kumi na mbili, ulale chumba changu, umgeuze wewe, umwogeshe wewe, na ikiwa lifti bado imekufa ujifunze kila kidato. Usinitumie chochote. Njoo wewe. Ukiwa huwezi, niandikie kwa mkono wako kwamba huwezi, ili nijue nasimama wapi.

Msalimu wifi, mwambie kitambaa kilifika na fundi cherehani anakikatia gauni. Watoto waambie shangazi yao anakimbia vizuri kuliko baba yao. Baba anaamka, namsikia akikohoa. Mungu akupe afya na moyo mwepesi wa kusafiri.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo nilipokukasirikia.